Ukienda Chemka, usiende Jumapili

Jina lisikudanganye: maji ya chemchemi ya Chemka, kule Rundugai wilayani Hai, hayachemki. Ni ya uvuguvugu tu, rangi ya buluu, maangavu hadi unaona mizizi ya mikuyu chini.

Ukitoka Moshi panda gari la Arusha, shuka Boma Ng'ombe, kisha chukua bodaboda. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Jioni, nguo zimelowa, utakosa nguvu ya kubishana. Jifunge kitambaa puani. Vumbi la barabara ile halina huruma.

Fika asubuhi, siku ya kazi. Wikiendi ni muziki na makelele.

Usijirushe mara moja. Kaa kwenye mzizi, tumbukiza miguu. Visamaki vitakudonoa visigino; utapiga kelele, kisha utazoea. Mama yangu, mwenye magoti mabovu, hukaa hapo nusu saa, akainuka bila kuguna. Yeye anasema ni maji. Mimi nasema ni kule kupumzika.

Ile kamba ya kurukia, tazama kwanza vijana wa pale wanaangukia wapi. Hujui kuogelea? Kodi boya, kina kipo. Na kanga kavu usiisahau.