Namna ya kutumia "sorry" bila kueleweka vibaya

Ukijikwaa ukipanda matatu Nairobi, abiria aliye nyuma yako atakuambia "sorry". Hakukusukuma, anakupa pole. Kwa Kiingereza cha hapa kwetu hilo si kosa. Tatizo hutokea unapoongea na mteja wa London au Chicago kwa simu, akakueleza kwamba ameumia mguu, nawe ukajibu "sorry" na kunyamaza. Yeye amezoea kulisikia likitumika kuomba radhi, kwa hiyo huenda akashangaa na kukujibu "It's not your fault". Mwambie "I'm sorry to hear that". Pole itafika, na hutaonekana kujitwika lawama.

Kwa asili, maana ya pole ndiyo kongwe zaidi. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "sarig", yaani mwenye maumivu au huzuni, kutokana na "sar", lililozaa pia "sore". Wengi hudhani limetokana na "sorrow". Hapana, hilo lina mzizi wake, ingawa kufanana kwao kulichangia kulibadilisha umbo. Kutamka "sorry" peke yake kama ombi la msamaha ni mtindo wa juzijuzi, wa karne ya 19.

Kinachowasumbua wengi ni neno linalofuata. Kwa hali au tukio, tumia "about": foleni ya Thika Road ikikuchelewesha, sema "sorry about the delay". Kwa kitendo ulichokwisha kufanya, tumia "for", na kitenzi kiishie kwa -ing: "sorry for shouting", kamwe si "sorry for shout". Kwa jambo unalolifanya sasa hivi, kama kumkatiza mtu kazi, tumia "to": "sorry to disturb you".

"For" ikifuatwa na mtu, maana hugeuka na kuwa kumwonea huruma. Hapa kuwa mwangalifu sana unapoandika rambirambi. "I am sorry for you" inaweza kumfikia mfiwa kama dharau, hata kama nia yako ni safi. Andika "I am sorry for your loss".

Kwenye barua pepe za kazini, acha "receive my sorry". Hiki ni kivumishi, hakipokelewi. Nomino yake ni "apologies". Vilevile sema "I am very sorry" au "so sorry", si "much sorry", na usiidondoshe "am".

Kikitangulia nomino, kivumishi hiki hakihusu majuto tena. "A sorry state" ni hali mbaya ya kusikitisha. Ndiyo maana ukitaka kumweleza mwajiri kwamba dereva anajutia kosa lake, uandike "the driver is sorry". Ukiandika "he is a sorry driver", umesema dereva huyo ni hovyo, na huenda umemharibia kazi.