Jinsi ya kutunga baraza la miungu kwenye stori yako ya fantasia

Karibu kila mtu akianza kutunga dunia yake, akifika kwenye baraza la miungu anakimbilia mlima, mawingu, nguzo za dhahabu, viti vya enzi vimepangwa duara, basi kamaliza. Picha nzuri sawa, ila msomaji ataisahau fasta sababu hakuna kinachotokea pale ambacho kisingeweza kutokea popote pengine. Mimi nasema anza na ugomvi, jengo litakuja lenyewe.

Kwahiyo kabla hujachora chochote amua hawa miungu wanakutana kufanya nini hasa. Wanahukumiana wao kwa wao? Wanagawana bahari na anga? Kama ni mahakama, mshtakiwa lazima awe na pa kusimama na kila mtu amuone, kama ni kikao cha vita basi kuwe na mlango unaofungika na mlinzi asiyehongeka.

Afu njia ya kufika, hii watu wanairuka sana wakati ndo yenye utamu. Kwenye hadithi za kale za Waskandinavia miungu hukutana kila siku kutoa hukumu chini ya mti Yggdrasil, wenzake wanaenda na farasi ila Thor, mungu wa radi, yeye anavuka mito kwa miguu. Hujaambiwa chochote kuhusu ukumbi lakini tayari unamjua Thor ni mtu wa aina gani! Na wewe fanya hivo, mpe kila mungu njia yake, mmoja achelewe kila mara, mwingine awe anaishi pale pale na hiyo iwakere wenzake.

Viti sasa. Usiweke kumi na mbili kwa mazoea tu, na ukiweka hakikisha kuna mungu wa kumi na tatu anayesimama, au kiti kitupu ambacho hakuna anayethubutu kukalia na wote wanajua kwanini ila hawasemi. Anayekosekana ana uzito kuliko waliokuja. Wagiriki wanasimulia Zeus, mfalme wa miungu, alivyoita mkutano mlimani Olympus wakaja miungu wa mito yote na nimfu (miungu wadogo wa kike) wa misituni, kasoro Oceanus peke yake, yule wa mto mkuu unaozunguka dunia, na ukishasikia hivo unaanza kumuwaza huyo ambaye hakuja.

Chakula na pombe weka, usione aibu. Wababeli walisimulia miungu walikaa wakala mkate wakanywa bia mpaka wasiwasi ukaisha, ndipo wakamkabidhi mwenzao Marduk mamlaka yote ili akapigane na Tiamat, mungu wa kike wa bahari. Hebu fikiria, uamuzi mkubwa vile umepita watu wameshachangamka! Hapo kuna stori nyingine nzima, kesho yake asubuhi mmoja akiamka anajuta, na neno la baraza halirudi nyuma.

Ndo maana sheria za kikao ni muhimu kuliko marumaru. Nani anaitisha, nani anaongea kwanza, mmoja akikataa inakuwaje, na kiapo kikivunjwa kinatokea nini pale pale mahali penyewe, labda jiwe linapasuka au maji ya kisima yanageuka chumvi. Chagua sheria mbili tatu tu, afu tafuta mungu mjanja atakayezizunguka bila kuzivunja. Ukiweka sheria ishirini utazisahau mwenyewe ukifika katikati.

Upande wa binadamu usihangaike sana, wape dalili moja kwamba kikao kinaendelea, mfano upepo unakata siku nzima.

Ukimaliza andika kikao kimoja kifupi ambacho kuna mtu anashindwa, halafu jaribu kukihamishia ufukweni au pangoni bila kubadili maneno. Kikihama kirahisi, mahali pako bado hapana kazi kwenye stori, rudi kwenye viti na njia uongeze kitu kinachomzuia au kumbana mmoja wao.