Namna ya kupaka dawa ya mbu yenye DEET kwa anayekesha nje

Msimu wa korosho ukifika walinzi wa maghala huku Mtwara wanakesha nje, wavuvi wa Mikindani nao usiku wako ufukweni, na swali ni lile lile, mbona nimepaka na bado mbu wananiuma? Juzi nimekaa na mlinzi mmoja aliyekuwa na uhakika kauziwa feki, dawa yake ilikuwa nzima kabisa, shida ilikuwa hatua ya 3.

Hatua ya 1: soma lebo
Tafuta neno DEET au diethyltoluamide (ndo kemikali yenyewe inayofukuza mbu), na asilimia yake. Haina asilimia? Rudisha. Asilimia ndo muda, sio ukali: 10 inakupa kama masaa 2, 20 mpaka 30 inakupa masaa 4 hadi 6, ukivuka 50 unaongeza hela tu. Mi nashauri 20 au 30, tena losheni, spreyi upepo wa bahari unaondoka nayo. Na wanaosema hii ni kemikali ya juzi juzi, DEET ilitengenezwa Marekani 1944 kwa ajili ya jeshi lao, raia wakaanza kuitumia 1957.

Hatua ya 2: oga, jikaushe
Kama unapaka mafuta ya nazi yatangulie, dawa iwe ya mwisho.

Hatua ya 3: paka KOTE
Hapa ndo watu wanapopotea. DEET haiui mbu, inamvuruga asitue pale ilipopakwa, sasa ukiacha sehemu hata sentimita chache pembeni anatua hapo hapo bila wasiwasi. Yule mlinzi alipaka mikono na shingo vizuri sana, tulipomulika tochi chini tukakuta mbu wametulia kwenye kile kipande cha ngozi kati ya suruali na soksi, na wanaoeneza malaria ukiwa umekaa wanapenda sana kushuka miguuni. Kwa hiyo anzia chini: vidole, juu ya unyayo, kisigino, kifundo kwa kuzunguka chote na sio mbele tu, alafu upande juu. Usisahau nyuma ya masikio. Usoni weka kwanza kiganjani ndo upake, macho na mdomo uviache, na kwenye kidonda au mkwaruzo usiguse. Chini ya nguo usipake. Haihitaji kuwa nzito, ngozi ifunikwe tu. Ukitoka jasho sana au ukiingia majini muda unapungua, kwa hiyo mvuvi usihesabu masaa ya lebo, ukishavuta nyavu jikaushe upake tena.

Hatua ya 4: nawa viganja kabla hujashika simu
DEET inakula plastiki, kava la simu, miwani, kioo cha saa, vyote vinachakaa. Kanga na shati la pamba havina shida. Kama kazi yako ni ya kushika vifaa muda wote tafuta dawa ya mbu yenye icaridin, kemikali nyingine badala ya DEET, asilimia 20, haili plastiki na harufu yake ni ndogo, kwangu mimi hiyo ndo bora ukiipata.

Hatua ya 5: asubuhi osha kwa sabuni
Ndo ulale, na chandarua kiwepo.

Kwa watoto: chini ya miezi 2 usimpake kabisa, tumia chandarua. Mkubwa zaidi mpake wewe mwenyewe, viganja vyake uviache maana vinaishia mdomoni, na chupa iwe juu asikofika.