Chakula Hakina Ladha: Pima Kama Tatizo Ni Ulimi au Pua

Kwa Kiswahili mtu husema "sisikii ladha" na pia "sisikii harufu". Kitenzi ni kimoja, ndiyo maana wengi wakitoka kwenye mafua makali huulaumu ulimi wakati aliyeumia ni pua. Ulimi hutambua mambo matano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami, yaani ule ukolezi wa supu ya nyama au mchuzi wa nyanya zilizoiva. Pilau unaitambua kwa harufu, inayopanda kutoka kinywani kupitia nyuma ya kaakaa hadi juu kabisa ndani ya pua kila unapotoa pumzi huku ukitafuna.

Kipimo cha dakika tano

Changanya kijiko cha chai cha sukari na robo kijiko cha unga wa mdalasini, kisha udondoshee maji kidogo mpaka ulowe. Mdalasini mkavu hupalia vibaya. Suuza kinywa kwa maji ya kawaida. Bana pua kwa vidole, ubane kweli hewa isipite, ndipo uweke mchanganyiko kidogo ulimini na ufunge mdomo kwa sekunde 10 hivi. Utasikia utamu na kitu kama mchanga, basi. Sasa achia pua na utoe pumzi puani taratibu. Kama pua ni nzima, mdalasini unatokea papo hapo.

Ukisikia utamu lakini mdalasini usije hata baada ya kuachia, ulimi wako hauna neno. Tatizo ni pua. Ukikosa hata utamu, jaribu chumvi, kisha ndimu, kisha kahawa chungu. Kukosa zote ni jambo la nadra, na linahitaji daktari: huenda ni dawa unazotumia, kinywa kikavu, au neva.

Kipimo hiki huharibika zaidi kwa kubana pua nusunusu. Upenyo mdogo tu unatosha kupitisha harufu, nawe utadhani ulimi ndio ulioonja mdalasini. Kosa la pili ni kupima kwa pilipili, tangawizi au peremende za minti. Ukali wa pilipili na ubaridi wa minti si ladha wala harufu. Husafirishwa na neva nyingine, ya trijemina, inayohisi mguso na maumivu usoni, hivyo hata asiyenusa kabisa atausikia. Siki nayo huchoma pua kwa njia hiyohiyo. Usihangaike pia kutafuta "sehemu ya utamu" kwenye ncha ya ulimi. Ile ramani ya ulimi iliyokuwa kwenye vitabu vya shule ni potofu: ladha zote hutambuliwa popote penye vionjo, yaani vinundu vya kuonjea.

Kuizoeza pua upya

Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walionyesha kuwa waliopoteza uwezo wa kunusa wakinusa harufu nne kila siku kwa wiki 12 hupata nafuu kuliko wasiofanya hivyo. Harufu zenyewe zilikuwa waridi, limau, mkaratusi na karafuu, na zote zinapatikana kirahisi huku kwetu.

Tafuta vichupa vinne vyenye vifuniko. Cha kwanza weka pamba iliyolowa maji ya waridi. Cha pili maganda ya limau yaliyokwanguliwa. Cha tatu majani ya mkaratusi yaliyopondwa. Cha nne karafuu kama 10, zivunjwe ili mafuta yatoke. Pamba na maganda badilisha kila baada ya siku mbili tatu, vingine kila wiki. Karafuu iliyokaa kabatini mwaka mzima ikapauka haifai. Mwombe mtu mwenye pua nzima ainuse kwanza, maana wengi hukata tamaa kwa kunusa kitu kisicho na harufu.

Nusa asubuhi na usiku. Kila kichupa kipe sekunde 10 za kunusa kwa pumzi fupifupi, usivute kwa nguvu, kisha pumzika nusu dakika. Ukikaa na harufu moja muda mrefu pua huizoea na huacha kuisikia, kwa hiyo kuongeza muda hakusaidii. Unaponusa elekeza akili kwenye kitu chenyewe: limau likikatwa, karafuu zikianikwa. Baada ya wiki 12 endelea kwa harufu mpya, kwa mfano iliki, mchaichai, kahawa na bizari nyembamba.

Katikati ya safari kahawa au kitunguu kinachokaangwa huweza kunuka kama kitu kilichoungua au kuoza. Inaudhi sana, lakini mara nyingi ni neva zinazoota upya, si sababu ya kuacha. Ila tundu moja likiziba bila kufunguka, likitoa damu, au kunusa kukipotea baada ya kuumia kichwa, nenda hospitali.

Pua ikiwa bado haijarudi, koleza chakula kwa ndimu, pilipili na vitu vya kutafuna kama korosho au karanga, usikimbilie chumvi. Mabaki ya chakula yaandike tarehe. Gesi hutaisikia ikivuja, kwa hiyo kila ubadilishapo mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, funga mtungi, fungua madirisha, na usiwashe wala kuzima swichi yoyote.