Kichwa hakiishi, malaria hamna: namna ya kuongea na daktari zahanati

Dada yangu hapa Ujiji alienda zahanati mara tatu ndani ya miezi miwili, kichwa, mgongo, mwili kuwaka moto, usingizi hamna. Akipimwa malaria hamna, basi ni UTI, anarudi na panadol. Daftari lake lilijaa kurasa nne na hakuna palipoandikwa kwamba ameacha hata kwenda mwaloni Kibirizi kuchukua dagaa, na biashara ile ndo ilikuwa roho yake.

Mambo kama hayo yanaweza kuwa sonona, ule ugonjwa wa moyo kuwa mzito na kukosa raha na chochote. Sasa fanyeni hivi. Kabla hujatoka nyumbani andika nyuma ya daftari jinsi ulivyokuwa wiki mbili hizi, maana sonona haionekani kwenye damu, inajulikana kwa maswali. Yako tisa, kila moja lina alama 0 mpaka 3, jumla ikifika 10 inabidi uangaliwe vizuri. Mawili ya kwanza ndo yanabeba mengi: vitu ulivyokuwa unavipenda bado vina raha? Moyo mzito, huoni mbele?

Ukiingia kwa daktari usianze na kichwa! Foleni iko nje, atakamata la kwanza utakalotamka. Sema “daktari, wiki ya tatu hii sina raha na chochote, silali, na kichwa kinauma”. Na kinauma kweli, hujifanyishi. Akitaka kukupima damu au tezi ya shingo kubali tu, damu ikipungua nayo inachosha hivyohivyo. Mlango ukiwa wazi na watu wanasikia, omba ufungwe, wala usione aibu.

Kama yanakuja mawazo ya kujiua, hilo liseme kabla ya yote. Na wewe uliyemsindikiza muulize waziwazi, kumuuliza hakumpi wazo hilo, ila usimwache peke yake hata dakika, nendeni hospitali ya Maweni siku hiyohiyo.

Ukipewa dawa, hapa ndo wengi tunaharibu. Zinaanza kusaidia baada ya wiki 2 mpaka 4 hivi, mtu siku ya tano anasema hazifanyi kazi anatupa. Ukipata nafuu pia usiache ghafla, kawaida unaendelea kama miezi 6 mbele. Na kama uliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, hulali na huchoki, mwambie kabla hajaandika dawa. Kuombewa, ombewa tu, sikatazi, ila tarehe ya kurudi iandikwe, na urudi na daftari lilelile, dada alinunua jipya tukaanza stori upya toka mwanzo.