Hilux ya 3L inagoma kuwaka asubuhi: tafuta upepo kabla hujagusa nozeli

Saa 11 alfajiri jirani yangu hapa Makambako alinigongea dirisha. Pikapu yake, Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ilikuwa imepakiwa viazi tangu jioni, na sasa inazungusha tu bila kuwaka. Ikiwaka kwa kusukumwa inatetemeka na kumisi dakika kadhaa, kisha inatulia. Alishashauriwa anunue nozeli 4, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Nikamwomba asinunue kitu mpaka kupambazuke. Saa 3 tulikuwa tumemaliza, na kilichobadilishwa ni kipande cha mpira na klipu 2.

Hatua ya 1: stata. Kama injini inazunguka kwa nguvu, ruka hapa. Kama inalia "tak" moja halafu kimya, na taa za dashibodi hazififii, mara nyingi ni vile vipande vya shaba ndani ya stata vimelika. Vinauzwa peke yake, usikubali kununua stata nzima. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6. Wakati wa kuzungusha ikishuka chini ya 9.6, chaji betri na safisha vichwa vyake kwanza.

Hatua ya 2: ekzosi. Mtu azungushe ufunguo, wewe simama nyuma ya gari. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli maana yake mafuta yanafika ila hayashiki moto. Hapo pima plagi za joto, zile zinazopasha silinda kabla ya kuwaka: fungua ile bamba inayoziunganisha, chukua taa ya testa iliyofungwa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Kwa baridi ya huku kwetu mwezi wa 7, plagi 2 zikifa utasukuma gari kila siku.

Msiweke kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa, wala ile dawa ya kupuliza ya kuwashia injini. Plagi zikiwa nyekundu, mvuke ule unalipuka kabla ya wakati, na nimeona pistoni iliyovunjika kwa ajili hiyo.

Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Endelea.

Hatua ya 3: nyuma ya pampu ya dizeli kuna solenoidi, vali ya umeme inayofungulia dizeli, yenye waya mmoja. Washa swichi, chomoa waya, rudisha. Usiposikia "tik", pima kama umeme unafika.

Hatua ya 4: upepo, yaani hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli. Hapa ndipo nilipopoteza siku 4 kwenye gari la mjomba, na ndipo mafundi wengi wanapokosea.

Pampu ya 3L inavuta dizeli yenyewe kutoka kwenye tanki, na tanki liko chini. Kwa hiyo kuanzia tanki mpaka pampu, bomba linanyonywa. Mpira ukipasuka upande huo, dizeli haidondoki nje, bali hewa inaingia ndani. Utapapasa kila kiungo na kukikuta kikavu, useme hakuna tatizo. Usiku dizeli inarudi tankini, asubuhi pampu inakuta hewa. Dalili moja nzuri: ukiliegesha gari kwenye mteremko pua ikiangalia chini linawaka, ukiligeuza pua juu linagoma.

Chomeka mpira mweupe unaoonekana ndani, urefu wa kiganja, kati ya filta na pampu. Ubane vizuri kwenye bomba, na tumia klipu za skurubu, siyo waya, kwa sababu waya unakata mpira. Bonyezabonyeza kwa mkono kile kitufe cha kupampu juu ya filta mpaka kiwe kigumu, washa, acha dakika 5. Viputo vya mwanzo ni vya kazi uliyofanya. Kiputo kimoja kilichokwama kwenye kona si kitu. Ukiona vinapita mfululizo kama povu la soda, hewa inaingia.

Inaingilia wapi? Chukua galoni la dizeli safi, liweke chini, kwenye ardhi. Narudia: chini. Kwenye gari la mjomba nililitundika juu ya injini, dizeli ikawa inashuka yenyewe, hakuna kunyonya, viputo vikakoma. Nikasema kichwa cha filta ni kizima, nikahangaika na mabomba ya chini ya gari, kumbe kiwambo cha kile kitufe cha kupampu kimechanika. Na kila asubuhi nilikuwa nakipampu na gari linawaka, nikaamini kimepona.

Kwanza unganisha galoni moja kwa moja na pampu. Mpira wa marejesho, unaorudisha dizeli iliyozidi, nao uingie galonini, la sivyo litakauka ukiwa umeinama. Viputo vikikoma, rudisha filta katikati, galoni likiwa bado ardhini. Vikirudi, ni kichwa cha filta au kitufe chake. Visiporudi, tatizo liko kati ya filta na tanki. Kwa jirani ilikuwa hapo: mpira mfupi karibu na chesisi, umekauka na kupasuka chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uufungue. Tulipoukunja, nyufa zilifunguka kama udongo wa kiangazi.

Ukimaliza, toa ule mpira mweupe. Joto na dizeli vinauharibu.

Hatua ya 5: kama upepo umekwisha na bado linamisi, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) legeza nati ya bomba la nozeli kwa spana namba 17, moja baada ya nyingine, robo mzunguko tu. Vaa miwani na usiweke kidole mbele, dizeli ya pale inatoboa ngozi. Mlio ukibadilika, silinda hiyo inafanya kazi. Usipobadilika, umeipata iliyolala. Hapo ndipo nozeli inafunguliwa, hiyo moja, ikapimwe kwenye mashine, na kurudishwa na pete (washa) mpya ya shaba.