SOMO: Mboga za porini, kuanzia kuchuma hadi sufuriani

Anza na tatu tu, uzijue vizuri: mchicha pori, kishona nguo na tako la hasani.

Hatua ya 1: Chagua mahali. Kando ya barabara kuu, jalalani, penye mtaro wa maji machafu au palipopuliziwa dawa ya magugu, pita. Mchicha hufyonza madini mazito toka ardhini, na hayo hayatoki kwa kuosha.

Hatua ya 2: Tambua. Hapa usiwe na haraka. Tako la hasani hutambaa, shina lake nene na jekundu, majani manono. Kuna mimea ya jamii ya Euphorbia inayotambaa vivyo hivyo, nayo ni sumu. Vunja shina: likitoa utomvu mweupe, tupa, nawa mikono, usiguse macho. Tako la hasani hutoa majimaji yasiyo na rangi. Kipimo hiki ni cha mmea huu peke yake. Mchunga, mboga nyingine ya porini, una maziwa (utomvu mweupe) na unaliwa, na mimea mingi yenye sumu haina maziwa kabisa. Kuonja si kipimo.

Hatua ya 3: Chuma ncha changa. Shina la mchicha likigoma kukatika kwa ukucha, limekomaa. Kishona nguo kichume kabla ya maua.

Hatua ya 4: Osha mpaka mchanga uishe. Tako la hasani lile bichi kwa ndimu na kitunguu. La asubuhi ni chachu zaidi kuliko la jioni (mimi napenda la asubuhi). Mchicha na kishona nguo chemsha dakika chache, mwaga maji, kisha kaanga.

MASWALI

Swali: Mkuu, mnavu mbona umeuruka?
Jibu: Kwa sababu si wa kuanzia. Majani machanga huchemshwa na maji kumwagwa, lakini matunda mabichi yana sumu. Jifunze kwa mtu anayeuchuma kila mara.

Swali: Nina mawe kwenye figo, naweza kula?
Jibu: Mchicha na tako la hasani zina okzaleti nyingi, yaani kemikali ya mimea inayochangia mawe ya figo. Kuchemsha na kumwaga maji hupunguza, hakumalizi. Muulize daktari wako kwanza.

Swali: Programu ya simu ya kutambua mimea inatosha?
Jibu: Kupata jina la kuanzia, sawa. Kuamua kula, hapana. Hukosea, hasa mche ukiwa mdogo.